Risasi Iliyolala Ubavu

Mgeni hakubisha hodi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, ule tunaoutumia kumwagia maji machafu, akasimama katikati ya karakana akiwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka jeupe la kunyolea. Shuka lenyewe lilikuwa bado na nywele za watu. Mimi nilikuwa naizunguka meza ya jiliwa, lile koleo kubwa la kubania vyuma, kazi niliyokuwa nikiifanya tangu asubuhi bila sababu yoyote, nikashtuka na kuangusha kopo la oili.

"Shikamoo," nikasema nikiwa nimeinama kufuta sakafu.

"Marahaba, binti. Samahani kwa kupita huku. Mlango wa mbele unaonekana barabarani."

Shangazi yangu aliinua kichwa kutoka kwenye kerezo, mashine ya kuchongea vyuma. Yeye ndiye fundi bunduki wa mji huu, na wateja humwita Mama Tupa kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta bila tupa ya kusugulia vyuma mkononi, hata akila.

"Kabla hujakaa, mzee," akasema, "kibali."

Mzee alitoa kibali kutoka mfuko wa shati. Shangazi akakisoma, akakigeuza, akamrudishia. Ndipo akamsogezea kiti kwa mguu.

Mzee hakukaa. Nilimwelewa, maana na mimi sikuwa nimekaa tangu Jumatatu. Jumamosi ile kilabu chetu cha kulenga shabaha kingechagua mtu mmoja wa kujaza nafasi iliyobaki katika timu, na nafasi hiyo nilikuwa naiota hata macho yakiwa wazi. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, shahada ya fizikia, na tangu hapo nilikuwa nimetuma maombi ya kazi kila mahali penye mlango. Wakati nikisubiri majibu nilikuwa namsaidia Shangazi, naye alikuwa amenibatiza jina la Digrii. "Digrii, lete sabuni. Digrii, paka wako amekojoa kwenye masanduku." Kulenga shabaha ndicho kitu pekee mwaka ule kilichokuwa kikinijibu. Nilipiga, nikaangalia karatasi, na jibu lilikuwa pale pale.

"Mimi ni kinyozi," mzee akasema, akifungua shuka lake taratibu. "Maisha yangu yote nimeshika wembe kwenye makoo ya watu, na hajatokea mtu wa kulalamika."

"Angelalamikaje, na koo limeshakatwa?" Shangazi akauliza, uso mkavu.

Kinyozi akacheka, lakini kicheko kilikatika kabla hakijafika mwisho. Ndani ya shuka mlikuwa na bunduki ndogo ya shabaha, ya zile zinazotumia risasi nyembamba ambazo pini huzigonga ukingoni mwa ganda badala ya katikati. Ilikuwa kuukuu lakini imetunzwa kama chombo cha bibi harusi. Bolti, kile chuma cha kufungia risasi ndani, alikuwa ameichomoa na kuifunga pembeni, kwa karatasi.

"Tangu mvua zianze, risasi zinatawanyika," akasema. "Kama kuku waliotupiwa jiwe. Zamani nilikuwa nafunika matundu yangu yote kwa kifuniko cha soda. Sasa sahani haitoshi. Wenzangu uwanjani wakaanza kunong'ona: mzee mkono unamtetemeka. Mnajua maneno yana miguu. Yakafika nyumbani kabla yangu."

"Nyumbani wakasemaje?"

"Binti yangu alilia. Mumewe hakulia, ila alichukua wembe. Yeye ni kinyozi pia, nilimfundisha mimi. Akaniambia, baba, pumzika, shika ufagio kwanza." Akanyoosha mikono yote miwili mbele yetu, viganja chini. "Semeni wenyewe."

Tuliitazama. Ilikuwa imetulia. Lakini mkono wa mtu anayetazamwa si ushahidi. Hata mwizi hutulia mbele ya askari.

"Labda ni mtutu?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayemwuliza daktari swali ambalo jibu lake analiogopa. "Au hizi risasi ndefu?"

"Ndefu tunapiga sote," nikamjibu. Ilikuwa kweli. Tangu mwanzo wa msimu, maduka yalikuwa yakileta risasi zenye kichwa kirefu na kizito tu. Zile fupi tulizozizoea zilikuwa zimepotea sokoni. Mimi nilikuwa na boksi moja la fupi, nimelificha kwenye bati la biskuti kwa ajili ya Jumamosi. "Mazoezini nazitumia na mimi. Zinaachana kidogo, lakini hazitawanyiki hivyo."

Aliinamisha kichwa. Nilimwona akiwa na haya kama mtoto aliyekosa, na moyo wangu, ambao Shangazi husema umetengenezwa kwa siagi, ukayeyuka.

"Tutapima, mzee wangu," nikasema. "Tukikuta kosa ni la mtutu, nitakupa boksi langu zima la risasi fupi."

Nilisema kama mtu anavyomwambia mtoto, ukinyamaza nitakununulia ndege. Nilikuwa na hakika kwamba ndege haitanunuliwa. Shangazi alinitupia jicho juu ya miwani.

"Ulimi huo," akasema. "Siku moja utakuponza."

"Mungu akubariki," akasema Kinyozi. "Maana Jumamosi ndiyo siku yangu. Wanachagua mtu mmoja. Nimewaambia wa nyumbani: nikitawanya tena mbele ya watu, namwachia mkwe kiti, wembe na wateja. Sitangoja mpaka nimkate mtu."

Kumbe alikuwa mwanachama wa kilabu chetu, wa zamu nyingine ya mazoezi. Alikuwa analenga nafasi ile ile.

Nilifunga bunduki kwenye jiliwa, nikiwa nimeizungushia kitambaa isikwaruzwe, nikachukua ufito wa kusafishia.

Kupima msokoto wa mtutu si jambo gumu. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojipinda, kama mistari ya skrubu lakini imenyooshwa sana. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi inapotoka, na risasi inayozunguka husafiri kichwa mbele bila kuyumba, kama pia ya watoto inavyosimama kwa sababu inazunguka. Unafunga kitambaa kigumu kwenye ncha ya ufito, unausukuma ndani, kitambaa kinafuata mifereji na ufito unajizungusha wenyewe mkononi mwako. Unaweka alama ya chaki juu ya ufito. Alama inazama upande mmoja, inaibukia upande wa pili. Ikirudi juu, unapima ufito umeingia kiasi gani. Mtutu wangu hukamilisha mzunguko mmoja kwa inchi kumi na sita, kama ilivyo mitutu mingi ya aina hii.

Nikasukuma. Alama ikazunguka. Inchi kumi na sita.

Nikarudia kwa ajili ya heshima. Kumi na sita.

"Mtutu ni mzima," nikasema, na sauti yangu ikatoka nyepesi kuliko nilivyotaka.

Kinyozi aliitikia kwa kichwa. "Basi ni mkono," akasema. Alifunga bunduki yake ndani ya shuka, akatuaga mmoja mmoja, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimsikia akiruka mfereji wa maji machafu.

Ilitakiwa nifurahi. Badala yake nilianza tena kuizunguka meza. Nilipanga tupa kwa ukubwa, kisha nikazipanga kwa ukali. Nilifagia. Upepo ulikuwa ukigonga bati lililolegea juu ya paa, kila nikidhani limenyamaza linagonga tena.

"Una nini?" Shangazi akaniuliza. "Umekalia siafu?"

"Sijakaa, Shangazi."

"Ndiyo maana nauliza."

Chini ya jiliwa niliokota karatasi. Ilikuwa ile aliyofungia bolti; alikuwa ameisahau. Nikaikunja niitupe, halafu kidole changu kikapita kwenye tundu, na tundu halikukaa sawa na kidole. Nikaikunjua. Ilikuwa karatasi ya shabaha, na matundu yake yalikuwa yametawanyika kila upande, kama alivyosema. Lakini hayakuwa ya duara. Lile la juu lilikuwa refu, kama mbegu ya tikiti. La pembeni yake lilikuwa na umbo kamili la risasi iliyolala: kichwa huku, kitako kule, kama mtu aliyepita ukutani akiwa amelala ubavu.

Nilisimama nayo dirishani kwa muda mrefu. Mkono ukitetemeka, risasi hupiga pasipotakiwa. Lakini hufika kichwa mbele, na tundu huwa duara. Hakuna mkono duniani, hata uwe na homa, unaoweza kuilaza risasi ubavu ikiwa angani. Risasi hulala kwa sababu haizunguki vya kutosha.

"Shangazi, nimepima vibaya."

"Umepima mara mbili."

"Nimepima vibaya mara mbili."

Nilichukua ufito. Nikautazama mpini. Mpini wa ufito una beringi ndani yake, ili mkono ushike bila kuzuia mzunguko. Nilijaribu kuuzungusha kwa kidole. Haukusogea. Beringi ilikuwa imekauka, labda kwa miezi. Lakini kama haikuzunguka, alama ilirudije juu?

Chini ya meza kulikuwa na kipande cha bomba la maji, laini ndani, hakina mfereji hata mmoja. Nikakifunga kwenye jiliwa. Nikafunga kitambaa, nikaweka alama ya chaki, nikasukuma kama ninavyosukuma siku zote nikisafisha bunduki yangu. Ndani ya bomba lile lisilo na kitu cha kuuzungusha ufito, alama ilizama, ikaibuka, ikarudi juu.

Nikapima. Inchi kumi na sita.

Nilikaa chini, kwa mara ya kwanza siku ile. Nilikuwa nimesafisha bunduki yangu kila jioni kwa ufito ule uliokauka mpini, mpaka kifundo cha mkono wangu kikaujua mwendo wa mtutu wangu kwa moyo. Ukinipa ufito nikausukuma popote, mkono utauzungusha wenyewe, inchi kumi na sita, bila kuniuliza. Kitambaa kilikuwa kimeburuzwa tu juu ya mifereji ya mzee wa watu. Sikuwa nimeupima mtutu wake hata kidogo.

Shangazi alikuja, akalitazama bomba, akautazama ufito, akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka, ule msukosuko wa mabega usio na sauti.

"Digrii imempima Digrii," akasema. Alipomaliza kucheka alifuta miwani yake kwa kanga. "Sasa unajua maana yake? Ukienda kwake ukakuta ni mtutu, boksi si lako tena. Usipokwenda, hakuna atakayejua. Mzee mwenyewe amekubali."

"Unaniambia nisiende?"

"Mimi nakuambia bei. Kununua ni juu yako." Akarudi kwenye kerezo lake. Lakini hakuiwasha mashine. Nilijua kwamba naye alikuwa ameshawaambia majirani watatu kuwa mpwa wake anaingia kwenye timu.

Nilifungua mpini, nikatoa beringi, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaitia oili mpaka ikazunguka kwa kupulizwa. Nikaufunga ufito kwenye gazeti na kutoka. Njiani nilipita kasi, nikapunguza mwendo, nikapita kasi tena. Nilijiambia huenda ni bunduki mbovu kwa sababu nyingine. Huenda mdomo wa mtutu umepigwa. Huenda hiki, huenda kile. Nilikuwa natafuta mlango wa nyuma, na mimi.

Kibanda cha kinyozi kilikuwa na vioo viwili vinavyotazamana, redio isiyoshika stesheni vizuri, na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho ngozi yake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa viatu. Mkwe, kijana mnene mwenye aproni safi, alikuwa akimnyoa mteja kwa mashine. Kinyozi mwenyewe alikuwa na ufagio, anafagia nywele ambazo hakuzikata yeye.

Mkwe aliona gazeti refu kwapani mwangu. "Dada, hapa tunanyoa. Hatuvui samaki."

"Nimekuja kwa mzee."

Kinyozi alinikaribisha kwenye chumba cha nyuma, nyuma ya pazia. Nilimweleza kila kitu, mpini, beringi, bomba la maji. Nilimwonyesha matundu marefu kwenye karatasi yake. Alisikiliza ameegemea ufagio.

"Kwa hiyo ulipima mkono wako," akasema.

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Wangu walinipimia watu wengi, wako umepima mwenyewe. Una bahati."

Aliichukua bunduki kutoka kwenye kabati lenye kufuli, akahakikisha haina kitu, akanionyesha nami nikahakikisha. Tuliilaza juu ya benchi, kati ya mataulo yaliyokunjwa. Nilifunga kitambaa kigumu. Chaki nilikuwa nimeisahau, akaniletea poda ya shingoni. Nikaweka alama nyeupe. Nilipotaka kuushika mpini, mkono wangu ukasita.

"Sukuma wewe," nikamwambia. "Mimi huu wangu una mazoea. Shika kwa vidole viwili, usibane, kama unavyoshika kidevu cha mteja."

Alisukuma. Nilikuwa nimepiga magoti, jicho kwenye alama, rula pembeni. Beringi ilizunguka bila sauti. Alama ikazama taratibu, ikapotea chini. Inchi kumi. Kumi na mbili. Ikaanza kuibuka upande wa pili, kama mtu anayepanda ngazi amechoka. Kwenye kumi na sita bado ilikuwa ubavuni. Niliomba ipande. Nasema kweli, niliomba, maana kama ingerudi juu hapo, ningekwenda nyumbani na boksi langu.

Haikurudi. Ilifika juu kwenye ishirini.

"Tena," nikasema.

Ishirini.

Niliposimama nikakuta pazia limefunguliwa. Mkwe alikuwa ameingiza kichwa, mashine ikiwa bado inanguruma mkononi, na nyuma yake mteja alikuwa amesimama na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Mnapima nini?" mkwe akauliza.

"Na kichwa changu je?" mteja akauliza.

"Mtutu huu unazungusha polepole," nikamwambia mkwe. "Ulitengenezewa risasi fupi. Risasi fupi haihitaji mzunguko mwingi ili itulie. Risasi ndefu ni kama pia ndefu, usipoizungusha kwa nguvu inalegea, inayumba, inalala. Mzee alikuwa anapiga fupi miaka yote. Zilipokwisha madukani akapiga ndefu, na mtutu ukashindwa kuzizungusha. Angekupa bunduki hii wewe, zingelala vile vile."

"Mimi sijui hayo ya vitabuni." Mkwe alizima mashine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vibaya siku nyingi. "Dada, mimi nilimwona baba akimwaga chai. Nina watoto, na wateja ni shingo za watu. Hayo maneno yawe kweli, nitafurahi kuliko wewe. Lakini tuliongea kuhusu Jumamosi. Acha iwe Jumamosi."

"Chai ilikuwa ya moto," akasema Kinyozi.

"Baba."

"Nakubali. Tuliongea, tumeongea. Jumamosi."

Mteja akarudi kwenye kiti na mkwe akamfuata. Tukabaki wawili na bunduki juu ya mataulo. Kinyozi alikuwa akiifuta poda kwenye ufito kwa kidole gumba, taratibu, mpaka ikang'aa. Nilisubiri aseme. Ahadi ya boksi ilikuwa imesimama katikati yetu kama mtu wa tatu.

"Nitatafuta risasi fupi," akasema. "Nitaulizia ulizia."

"Hazipo, mzee. Nimemaliza maduka yote."

"Basi nitapiga hizi hizi, nijaribu bahati." Akanitazama, akaona ninachotaka kusema na nisichoweza kusema. Akatabasamu. "Kule karakanani, binti yangu, mashine ya Shangazi yako ina kelele. Mimi masikio haya ya mzee. Mengine uliyoyasema sikuyasikia vizuri."

Wakati ule mashine haikuwa inawaka. Tulijua wote wawili.

Angenidai, ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Ningejiambia anatumia uzee wake. Lakini alinifungulia mlango na kunishikia pazia nipite, na nilirudi nyumbani nikiwa mtu huru ambaye hakuweza kula. Ijumaa yote nililifungua bati la biskuti na kulifunga. Nilizipanga risasi wima mezani kama wanafunzi kwenye gwaride, nikazirudisha. Usiku wakati wa kulala Shangazi alisema tu, "Uzime taa, Digrii. Risasi hazitaongezeka kwa kutazamwa."

Jumamosi ilikuwa na baridi. Ukungu ulikuwa umelala uwanjani, mabango ya shabaha yakionekana kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Baridi ilikuwa habari mbaya kwa mwenye kupiga risasi ndefu. Hewa ya baridi ni nzito, na risasi inayosimama kwa tabu hukosa nguvu ya kusimama. Nililijua hilo tangu chuo, na asubuhi ile nililijua zaidi.

Kinyozi alikuwa ameshatandika mkeka wake. Kando ya uzio, mkwe alikuwa amesimama na mikono mfukoni, na karibu naye mwanamke mwenye macho ya Kinyozi, ambaye bila shaka ndiye binti. Pembeni ya mkeka palikuwa na boksi la risasi ndefu, limefunguliwa.

Miguu yangu ilinipeleka kabla sijaamua. Niliinama, nikaweka boksi langu kwenye mkeka wake, nikachukua lake.

Alilitazama bila kuligusa. "Gawanya nusu."

"Nusu haitakufaa, wala nusu yangu haitanifaa. Lazima upige za majaribio kwanza, bunduki ijue risasi yake, ndipo upige za kuhesabiwa. Zikiisha katikati ukabadili, unaanza upya. Na nilisema boksi zima."

"Sikusikia, nilikwambia."

"Mimi nilisikia, mzee."

Alitazama upande wa uzio, akatazama mabango, kisha akanishika kiganja kwa mikono yake miwili. Ilikuwa ya baridi, mikavu, na imetulia kabisa. Akalala kwenye mkeka wake na kuanza kupanga risasi fupi moja moja kando ya kiwiko, kwa vidole viwili.

Shangazi alikuwa nyuma yangu ameshika chupa ya chai. Alikuwa ameona. Alinifunga kifungo cha juu cha koti kana kwamba nina miaka saba. "Haya," akasema. "Kalale chini upige. Zungusha unachoweza."

Filimbi ikalia. Nilipiga vizuri kadiri nilivyojua. Nilisubiri pumzi ishuke, nilikaza kidole polepole, sikukimbilia. Kupitia darubini niliona risasi zangu zikiachana kidogo kidogo, moja kushoto, moja chini, si kwa kosa langu na si kwa kosa la mtu yeyote. Na katikati ya milio yangu nilikuwa nasikia milio ya mkeka wa jirani, yenye nafasi sawa, haina haraka, kama mtu anayenyoa shingo ya mtoto aliyelala.

Walipotuita kwenda kwenye mabango, nilipita langu bila kusimama, nikaenda la Kinyozi. Mkwe alikuwa ameshafika, amevua kofia. Alikuwa ametoa kifuniko cha soda mfukoni. Sijui alikitoa wapi asubuhi ile, au kama alikuwa nacho siku zote. Alikiweka juu ya karatasi, katikati. Kilifunika matundu karibu yote. Moja tu lilibaki nje, limejitenga kidogo, na lilikuwa duara kama kifungo cha shati.

"Baba," mkwe akasema. Alikuwa akijipapasa ndevu za kidevuni, kama mtu aliyekumbuka kwamba anahitaji kunyolewa.

Shangazi alinifikia akihema, chai ikimwagika kwenye kifuniko cha chupa.

"Lako umeliona?"

"Bado."

"Basi kunywa chai kwanza," akasema. "Haliendi popote."